Jiwe Hukumbusha, Halikumbuki

Kila mji mkubwa una mawe yake ya ukumbusho. Wapitao huyaona kila siku, na kwa kuyaona kila siku hatimaye hawayaoni tena. Mgeni atokaye mikoani huyatazama kwa dakika chache, husoma maandishi yaliyoko chini yake, kisha hushika njia yake kwenda sokoni. Mwanafunzi huletwa na mwalimu wake, huandika tarehe katika daftari, na tarehe hiyo huiandika tena siku ya mtihani. Baada ya hapo jiwe hubaki peke yake na kunguru wake.

Swali tunalotaka kulichunguza katika makala hii ni hili: je, mtu aliyelizuru jiwe la ukumbusho amekwisha kukumbuka? Na ikiwa hajakumbuka, ni wajibu gani ambao bado hajautimiza? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wenye nafasi ya kutembea tembea mijini. Sivyo. Taifa si watu walio hai peke yao. Ni hao pamoja na wale waliotangulia na wale ambao hawajazaliwa. Jinsi tunavyowatendea waliotangulia ndiyo mafunzo tunayowapa watoto wetu ya namna ya kututendea sisi.

Lugha yetu yenyewe imekwisha kutupa nusu ya jibu. Kutokana na kitenzi kukumbuka tumepata kukumbusha, na kutokana na kukumbusha tumepata ukumbusho na makumbusho. Kukumbuka ni tendo la mtu mwenyewe, ndani ya moyo na akili yake. Kukumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke. Waliolipa jengo la vitu vya kale jina la makumbusho walisema kweli tupu: jengo hilo hukumbusha tu. Kazi ya kukumbuka limetuachia sisi. Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini mtu aliyeisikia mbiu, akajigeuza upande wa pili wa kitanda, hawezi kudai kwamba amehudhuria barazani. Ndivyo alivyo yule alitazamaye jiwe akaenda zake.

Natuchukue mfano ulio maarufu katika jiji la Dar es Salaam. Sanamu ya Askari imesimama pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe, katikati kabisa ya jiji. Ilitengenezwa kwa shaba nchini Uingereza, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, nayo ikasimamishwa mwaka 1927, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Ni askari Mwafrika aliyeshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maneno yake yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Kwa muhtasari, yanaeleza kuwa huo ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliopigana katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, na wa wapagazi, ambao wanafananishwa na viungo vya mwili wa jeshi, na wa wengine wote waliotumika wakafa katika Afrika ya Mashariki. Kisha yanafungwa kwa ahadi, kwamba mtu apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo ni nzito, tena ni nzuri. Lakini msomaji akilizunguka jiwe hilo pande zote nne atagundua jambo la kustaajabisha. Hapana jina la marehemu hata mmoja.

Huenda mtu akasema kwamba zamani zile haikuwa desturi kuandika majina ya watu wa kawaida. La hasha. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita ya dola yao, na tume hiyo ilijiwekea kanuni njema: kila aliyekufa aandikwe jina lake, ama juu ya kaburi lake ama juu ya ukuta wa ukumbusho, pasipo kubagua cheo, rangi wala dini. Kanuni hiyo haikubaki katika makaratasi. Katika makaburi ya vita yaliyoko kando ya njia iendayo Bagamoyo, katika jiji lile lile la Dar es Salaam, kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi waliokufa katika Afrika ya Mashariki kuanzia Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani. Wameandikwa hapo watu zaidi ya 1,500, kila mmoja kwa jina lake. Basi wino ulikuwapo, na mafundi wa kuchonga herufi walikuwapo. Kilichokosekana ni imani kwamba Mwafrika naye ni mtu mmoja mmoja. Alihesabiwa kwa jumla kama vile mtu ahesabuvyo magunia.

Jambo hili si shutuma yetu tu. Mwezi Aprili mwaka 2021, tume ile ile, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita tangu vita vile vimalizike.

Hao waliopotea majina walikuwa nani? Wengi walikuwa wapagazi. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi ambayo sehemu zake nyingi zilikuwa na mbung'o, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo. Magari yalikuwa machache, na barabara hazikupitika wakati wa masika. Kwa hiyo majeshi yalitembea juu ya vichwa vya watu. Unga, risasi, mahema, dawa, na hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilibebwa na wanaume waliochukuliwa vijijini, wengi wao kwa nguvu. Upande wa Waingereza pekee wapagazi wapatao milioni moja waliandikishwa katika miaka ile, na Wajerumani nao waliwakamata watu wao. Risasi haikuwa adui yao mkubwa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hesabu ya serikali ya Uingereza ilikubali vifo vya makumi ya maelfu ya wapagazi, na wanahistoria wengi husema kuwa idadi yenyewe ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Tena mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Kwa hiyo tunapotumia neno deni katika makala hii hatusemi kwa mafumbo matupu.

Juu ya jiwe lile amesimama askari peke yake. Lakini mpagazi ameachiwa ukumbusho wa namna nyingine, ambao haukujengwa na gavana wala mchongaji. Baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kikosi cha wapagazi kilipiga kambi mahali palipokuwa nje ya mji. Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Wananchi walilichukua jina hilo, wakalilainisha kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor kwa sababu hiyo hiyo. Leo Kariakoo ni soko linalojulikana nchi nzima, na jengo lake kubwa lilibuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, katika miaka ya 1970. Maelfu ya watu hulitamka jina hilo kila siku wanaponunua vitenge, vyombo, nafaka na dagaa.

Je, hilo si kukumbuka? Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Jina la Kariakoo limeufanyia mji wetu jambo ambalo sanamu haikuweza. Limeishi vinywani mwa watu pasipo kulindwa na mtu. Lakini jina lililo kinywani bila maana yake ni kama sarafu iliyosuguliwa hadi ikapoteza picha. Bado inanunua, lakini haisemi tena ilitoka kwa nani. Anayesema Kariakoo bila kujua amewataja wapagazi hakuwasahau kwa ubaya, na wala hakuwakumbuka. Jiwe halina majina. Soko lina jina lakini halina habari. Kati ya hivyo viwili ndipo wajibu wetu unapoanzia.

Sasa tuulize: wajibu huo umetoka wapi? Ahadi iliyoandikwa juu ya jiwe haikutolewa na sisi. Ilitolewa na dola ya kigeni kwa niaba ya watoto ambao haikuwauliza. Tena ilitaja nchi yao, kana kwamba vita vya wafalme wa Ulaya vilikuwa vita vya Mzaramo, Mnyamwezi, Mkamba au Mngoni. Je, mtu aweza kufungwa na ahadi aliyowekewa na mwingine?

Jibu letu ni kwamba ahadi ya mwingine haitufungi, bali deni la marehemu humfunga mrithi. Katika mila zetu nyingi, na katika sheria ya Kiislamu pia, marehemu akifa madeni yake hutazamwa kabla urithi haujagawanywa. Haiwezekani mtoto achukue shamba na kukataa deni lililolinunua shamba hilo. Sisi tumeurithi mji huu. Tumeirithi bandari yake, reli yake, mitaa yake na masoko yake, na chini ya vyote hivyo kuna migongo ya watu. Hatukuwatuma vitani, wala wao hawakwenda kwa hiari yetu. Lakini tumekalia mahali walipolala. Mpangaji anayeijua historia ya nyumba aliyomo huishi humo kwa heshima. Asiyeijua huishi humo kama mnyang'anyi asiyejitambua.

Wako wanaofikiri kwamba njia ya kumaliza habari hii ni kuing'oa sanamu ya wakoloni na kuitupa. Tunaielewa hasira yao, lakini tuitazame historia. Kabla ya vita vile mji huo huo ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeletwa na Wajerumani kuwapiga watu wa pwani waliokuwa wakiongozwa na Abushiri, yule aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Waingereza walipoingia walimwondoa Wissmann. Baadaye sanamu yake ikapelekwa Ujerumani na kusimamishwa katika mji wa Hamburg mwaka 1922, hata wanafunzi wa huko wakaiangusha katika miaka ya 1960. Waingereza hawakuiondoa kwa ajili ya kumhurumia Abushiri. Mshindi mmoja alifuta maandishi ya mshindi mwingine ili aandike yake. Sisi tukifuta tu, pasipo kuandika, tutakuwa tumejifunza nusu ya kwanza ya kazi na kuisahau nusu ya pili. Rai yetu ni kwamba jiwe libaki, na upungufu wake ufundishwe. Jiwe lisilo na majina ni ushahidi wa namna tulivyotazamwa. Hakimu mwenye busara hachomi ushahidi.

Wako pia wasemao kwamba majina yenyewe hayapatikani tena, na kwamba fedha za taifa zina kazi nyingine, za shule na zahanati. Tunajibu hivi. Ni kweli majina mengi yamepotea moja kwa moja, lakini uchache wa kinachobaki si sababu ya kukitupa. Na kuhusu fedha, hatudai shaba mpya wala mnara mpya. Mtu akitaka kujua kwa nini, aende akaone mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni Nairobi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam kwa siku moja. Mahali palipolipuliwa Nairobi pamefanywa bustani ya ukumbusho, na humo mna ukuta wenye majina ya waliouawa, watu zaidi ya 200. Makarani, wapita njia, wanafunzi, wote wameandikwa kwa majina yao. Mtu asimamapo mbele ya ukuta ule hasomi idadi. Husoma jina, kisha jina jingine, na katikati ya majina hukuta lile linalofanana na la ndugu yake. Hapo ndipo kutazama kunapogeuka kuwa kukumbuka. Mzee wa mpagazi wa mwaka 1917 hakupewa hata mstari mmoja wa namna hiyo.

Mahali pa pili ni Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, kwa fito, udongo, nyasi na makuti. Mgeni aliyezoea majumba ya mawe huweza kuziona nyumba hizo kuwa ni ukumbusho dhaifu. Mvua huzila, mchwa huzila, jua huzipasua. Ukuta usipokandikwa utaanguka, na paa lisipoezekwa upya litavuja. Sisi twaona kwamba huo udhaifu ndio ubora wake. Shaba haimwombi mtu chochote, kwa hiyo watu huweza kuisahau kwa karne nzima nayo ikasimama vile vile. Nyumba ya udongo hailali bila kudai mikono. Ili ikae ni lazima pawepo mtu anayejua kufunga fito, na mtu huyo ni lazima awe amefundishwa na mwingine. Siku itakapokosa mikono itaanguka mbele ya macho yetu na kutuaibisha. Kukumbuka kwa watu ni kama nyumba hiyo: ni kazi ya kukandika kila mwaka.

Na makumbusho madogo yana fadhila nyingine. Katika Magomeni imehifadhiwa nyumba ambamo Mwalimu Julius Nyerere aliishi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa harakati za TANU. Si jumba la fahari. Ni nyumba ya kadiri katika mtaa wa watu wa kadiri, na mwanafunzi aingiapo humo huelewa kwamba mambo makubwa ya nchi hii yalizungumzwa katika vyumba kama vya kwao. Fundisho hilo halipatikani chini ya sanamu ndefu, kwa kuwa sanamu humfanya mtazamaji ainue kichwa, ilhali nyumba ndogo humkaribisha aketi.

Kutokana na hayo tunawashauri walimu na wanafunzi mambo matatu. La kwanza, msiende mahali pa ukumbusho kuandika tarehe tu. Ulizeni: ni nani aliyesimamisha ukumbusho huu, alitaka tufikiri nini, na ni nani ambaye hakuandikwa? Swali la tatu ndilo mama wa mengine. La pili, msianzie kwenye jiwe. Anzieni nyumbani. Katika koo nyingi za nchi yetu wako babu na mababu wa babu waliochukuliwa kwenda vitani wasirudi, na majina yao bado yanatajwa wakati wa tambiko, wa hitima, au pale mjukuu anapopewa jina. Yaandikeni kabla wazee waliobaki nayo hawajaondoka. Shule moja ikikusanya majina 20, itakuwa imefanya jambo ambalo dola nzima haikulifanya. La tatu, yarudisheni majina hayo kwa sauti. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, yasomwe hadharani shuleni, jina la mtu na la baba yake, na kijiji alikotoka.

Washairi wetu wa mapokeo wana desturi ya kulitia jina la mtunzi katika beti za mwisho, ili utungo usije ukatembea mjini kama yatima. Wamejua tangu zamani kwamba kazi isiyo na jina huporwa upesi. Kazi ya wapagazi iliporwa kwa njia hiyo: ilibebwa, ikatumika, ikashinda vita, na jina likakatwa.

Watoto waliotajwa juu ya jiwe la mwaka 1927, kwamba watalikumbuka jina, ni sisi na wanafunzi wetu. Aliyetuandika pale hakutujua wala hakutuuliza, lakini marehemu wanaotusubiri ni wetu. Jiwe limekwisha kufanya lililo lake: limekumbusha. Yaliyobaki hayawezi kufanywa na shaba.